Siku ya Kuonja Mvinyo Stellenbosch

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tutakuwa Cape Town mwezi Februari, nasi tunafikiria kukodi kiongozi wetu wenyewe kwa siku moja ya kuonja mvinyo pamoja na chakula cha mchana. Je, inafaa kulipia gharama hiyo ya ziada? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maoni yangu inafaa, kwa kuwa Stellenbosch, mji wenye mashamba ya zabibu za mvinyo, uko takriban kilomita 50 kutoka Cape Town, na hakuna kati yenu atakayelazimika kushika usukani baada ya kuonja. Mwombeni kiongozi awapeleke mashamba matatu tu, kwani ulimi uliochoka hautofautishi ladha, na mle baada ya shamba la pili. Msiikose Pinotage, aina ya zabibu iliyozalishwa huko huko mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold kwa kuchavusha aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut. Kutema mvinyo katika chombo kilichowekwa mezani si utovu wa adabu. Waonjaji wazoefu hufanya hivyo. Februari ni msimu wa mavuno, hivyo wekeni nafasi mapema, na ulizeni iwapo ada za kuonja na chakula zimo katika bei mliyotajiwa.