Wasomaji Wauliza: Waganga wa Pangani na Vidonge vya Bombo

Anayejibu ni muuguzi mstaafu, Tanga

SWALI: Shikamoo bibi. Mjomba wangu anatumia ARV tangu 2012 na kila akipimwa virusi havionekani. Siku hizi anasema zamani hapa Tanga madaktari wenyewe walishirikiana na waganga wa Pangani kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI kwa mitishamba, na watu walipata nafuu. Anataka aache vidonge, arudi kwenye mizizi. Hayo ya waganga ni kweli au ni porojo za barazani?
Msomaji, Makorora

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Ni kweli kabisa, ila mjomba hadithi ameikatiza njiani.

Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 hakukuwa na mkoa wa Bara uliosalimika. Sisi tuna bandari, mashamba ya mkonge na malori yanayolala Segera, tungeponea wapi? Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI ulipoanza 1988 tulipata mafunzo na mabango. Dawa ya kumpa mgonjwa hatukuwa nayo. Mtu analazwa, anaharisha mwezi mzima, koo limejaa utando mweupe hata uji haupiti, sisi tunamtundikia dripu na kumpa pole. Ndugu wakichoka kungoja wanamchukua wanarudi naye nyumbani, na huko wa kumwita ni mganga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya madaktari wa mkoa huu wakafanya jambo ambalo wenzao walilicheka: walikwenda Pangani kuwasikiliza waganga. Kule kulikuwa na mzee aliyewapa wagonjwa hawa mitishamba, na nafuu ilionekana. Hamu ya kula inarudi, kuharisha kunapungua, mkanda wa jeshi unakauka. Ushirikiano ule ndio uliozaa shirika la Tanga AIDS Working Group, wenyewe tukiita TAWG tu, ikifanya kazi pamoja na Bombo, hospitali yetu ya mkoa.

Ukiniuliza mimi, faida kubwa haikuwa kwenye mizizi. Mgonjwa aliyefichwa chumba cha uani alipata mtu wa kumbishia hodi, kumgeuza ubavu, na kuwaonyesha jamaa kwamba kumwogesha na kula naye hakuambukizi. Waganga nao wakafundishwa kuwa wembe wa chale ni mmoja kwa mtu mmoja, na kwamba anayekohoa wiki kadhaa apelekwe akapimwe kifua kikuu. Mganga akisema "nenda Bombo", watu walikwenda. Nikisema mimi na sare yangu nyeupe, naambiwa "inshallah, nesi", halafu simwoni tena.

Lakini dawa zile zilisaidia magonjwa nyemelezi, yale yanayomvamia mtu kinga ya mwili ikishuka. Kirusi chenyewe hazikukizuia. Wengi tuliowahudumia walipata nafuu, wakarudi kukaa barazani, kisha tukawazika. Hicho ndicho kipande mjomba asichokisimulia, labda kwa kuwa waliozikwa hawapo wa kumbishia. Mambo yaligeuka serikali ilipoanza kutoa ARV bure, kuanzia Oktoba 2004. Hapo ndipo nilipoona mtu aliyeletwa amebebwa akija mwenyewe kwa baiskeli kuchukua dawa, tena ananilalamikia foleni!

Virusi kutoonekana kwenye kipimo si kwamba vimekwisha. Vingine vimejificha ndani ya seli, na kinachovizuia kuzaliana ni hivyo vidonge anavyotaka kuviacha. Akiacha, kwa kawaida havichukui wiki nyingi kuonekana tena, na akimpata mwenza anaweza kumwambukiza, jambo ambalo sasa hivi, kwa hali aliyo nayo, halitokei kwa njia ya kujamiiana. Akiwa mtu wa kumeza leo na kuacha kesho, vinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa. Watu walipomiminika Loliondo mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha yule Babu, wapo waliorudi wakaacha dozi, na tuliwapokea kliniki wakiwa hoi.

Kuhusu kuchanganya, mitishamba mingine hulifanya ini liitoe ARV mwilini haraka kuliko inavyotakiwa. Kama mizizi anaitaka kwa ajili ya mgongo au tumbo, aichukue mkononi aende nayo CTC, kliniki anakochukulia ARV, aionyeshe, asiwafiche. Na kama haamini maneno ya nesi mzee, amtafute mganga yeyote aliyefanya kazi na TAWG miaka ile. Niliowajua mimi, ARV zilipofika waliwaleta wagonjwa wao wenyewe.

SWALI: Binti yangu wa miaka 16 amekwenda kituo cha afya akapima VVU bila kuniambia. Wamepata wapi ruhusa?
Mama, Chumbageni

JIBU: Kwenye sheria, mwanangu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 ilitaka ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2019 Bunge likairekebisha, umri ukashuka hadi 15. Najua imekuuma, lakini usimfokee. Ukimfokea, safari nyingine hatapima kabisa. Majibu ni yake, akitaka atakwambia. Wewe muulize tu kama ameambiwa arudi lini, maana kipimo cha haraka kinaweza kisione maambukizi ya wiki chache zilizopita.