Video Bila Magari ya Kukodi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Bendi yetu ni ya vijana wanne hapa Thika, hatuna kampuni inayotusimamia. Mwongozaji mmoja wa video anasema bila droni na magari ya kukodi hakuna atakayetutazama. Tukope?
Mpiga besi, Thika

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikope! Mimi ni shabiki wa Just a Band, bendi ya hapa hapa Kenya, tangu albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ya 2008. Walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakaanza kujirekodi wenyewe. Mwaka 2010 wakatoa video ya "Ha-He". Nyota wake ni Makmende: jamaa wa nywele za afro na kitambaa kichwani, anayetembeza kichapo kama kwenye filamu za mapigano za miaka ya sabini. Basi. Watu mitandaoni wakaanza kumtungia vichekesho na kumchorea majalada ya magazeti, hadi CNN ikamtangaza. Wimbo wenyewe (mashabiki wenzangu mnisamehe) ni wa kawaida tu; mimi na wimbo wao mwingine, "Usinibore".

Lakini angalia: bendi yao ilikuwa na wenye jicho la kamera. Jim Chuchu na Mbithi Masya baadaye waliongoza filamu. Ile filamu iitwayo "Kati Kati", ya 2016, ni ya Masya. Kwenu nani ana jicho hilo? Mpeni yeye kazi, na akiba mpeleke studio, sauti isafishwe vizuri. Huyo mwongozaji mwulizeni kisa cha video ni kipi. Akijibu kwa kutaja bei ya droni, tafuteni mwingine.