Fizi inatoa damu kwenye jino la kupandikizwa

Pole sana, dada. Unasema jino ulilopandikiziwa haliumi wala halitikisiki, ila fizi yake inatoa damu na juzi umeona usaha. Kutouma kwake kusikudanganye: damu na usaha ni dalili za maambukizi kuzunguka jino hilo, na ugonjwa huu huweza kula mfupa wa taya kimyakimya, na jino likianza kutikisika mara nyingi mfupa umeshakwisha.

Nenda kwa daktari wa meno wiki hii. Mwombe apime kina cha fizi kulizunguka, akupige eksirei na ailinganishe na ya zamani. Mfupa ukiwa mzima, usafishaji wa kitaalamu huwatosha wengi. Ukiwa umeliwa, huenda ukahitaji upasuaji. Usijinunulie antibayotiki dukani, haziondoi utando wa bakteria ulioganda kwenye skrubu inayolishikilia jino hilo ndani ya mfupa. Kama una kisukari au unavuta sigara, mwambie. Uso ukivimba au ukipata homa, kimbilia hospitali.