Mkongo wa baharini, au waya wa mtaani kwako?

SWALI: Nina steshenari hapa Mwanza, natumia faiba ya kulipia kwa mwezi. Intaneti inakatika mara kwa mara, na kila nikipiga simu naambiwa mkongo wa baharini una hitilafu. Nikitaja fidia wanasema si kosa lao. Nawabanaje?

JIBU: Ndugu yangu, mikongo hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani kadhaa wakayumba kwa siku nyingi. Ila tukio la aina hiyo halifichiki, maana wateja wa kampuni nyingi hulia kwa pamoja. Mkongo unaokatika kwako tu, jirani wa mtandao mwingine akiendelea kuchapa kazi, mimi siuamini.

Usibishane nao kwa maneno. Huduma ikikatika, tazama kifaa cha faiba ukutani. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki dukani: waya umekatika au umepindwa, au kifaa cha upande wao kimezimika. Bahari haimo kabisa. Taa ikiwa sawa, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya (wakisikia WiFi watakusingizia WiFi), fungua CMD (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows), andika tracert 8.8.8.8, amri inayoonyesha vituo ambavyo data yako inapitia hadi seva ya Google. Mstari wa kwanza ni ruta yako. Ukiishia huo pekee, kisha nyota tupu mpaka mwisho, tatizo liko huku huku bara, karibu kabisa na mlango wa kampuni. Nyota chache za katikati zisikutishe, kuna mitambo isiyojibu kwa makusudi. Piga picha ya skrini saa ikionekana, kisha ripoti na udai namba ya tiketi. Bila namba hiyo, kwao ni kama hukupiga simu.

Sasa mkataba. Tafuta asilimia ya upatikanaji wa huduma. Ikiwa ni 99.5, kwa mwezi wa siku 30 wanaruhusiwa kukosekana saa 3 na dakika 36. Kinachozidi ni deni lao. Vifurushi vingi vya bei ya nyumbani havina ahadi hiyo, na hapo dai lako ni kupunguziwa ada kwa siku ulizokosa huduma. Fidia ya wateja waliokukimbia ni ngumu zaidi, mikataba huikwepa.

Andika dai kwa barua pepe, ambatisha picha na namba za tiketi. Wakikaa kimya au jibu lisikuridhishe, peleka faili hilo hilo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Watataka kuona kwamba ulianza na kampuni. Baraza la watumiaji, TCRA-CCC, husaidia mteja asiyejua pa kuanzia. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani. Kwa ada ya steshenari sidhani utafika huko: kampuni nyingi hulegea zikiona tracert imeambatishwa.