Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, ni sfinksi yupi?

Mawasilisho yameanza, na nikiwa nimekaa viti vya nyuma nasikia makosa yaleyale kuhusu sfinksi, kiumbe mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu au mnyama mwingine, tuliyoyasikia kwa waliowatangulia. Nawapenda, na uvumilivu unaniishia. Someni haya kabla ya kufungua slaidi.

1. Tajeni mapema ni sfinksi yupi. Wa Giza, Misri, ni dume, hana mabawa, wala hamuulizi mtu chochote. Amechongwa kwenye mwamba wa chokaa palepale alipo, urefu wa mita 73 hivi na kimo mita 20, na wataalamu wengi humhusisha na Farao Khafre, karibu mwaka 2500 KK. Kazi yake ni kulinda. Wa Wagiriki ni jike, ana mabawa, na anaua.

2. Thebes ziko mbili. Hapa nitakawia, maana hapa ndipo mnapoumia. Muhula uliopita binti mmoja hodari, msomaji kweli kweli, alisimama mbele ya jopo na picha nzuri za ile njia ya masfinksi kati ya Karnak na Luxor. Akasema hapo ndipo Oedipus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, alipokutana na sfinksi. Akaeleza kwa ufasaha kitendawili alichotegwa: kiumbe chenye miguu minne asubuhi, miwili mchana, mitatu jioni, jibu ni mwanadamu, mnyama akajirusha akafa. Mhadhiri akamwacha amalize, kisha akamuuliza swali moja kuhusu shemeji yake Oedipus: Creon alitawala wapi? Ukumbi ukanyamaza. Binti akageuka kutazama slaidi yake kana kwamba jibu limo mle.

Na kwa kweli lilikuwamo. Wale wa upande wa Karnak wana vichwa vya kondoo dume, pembe zimejikunja kuzunguka masikio, na mbele ya kifua, katikati ya miguu, kimesimama kisanamu cha mfalme. Huyo ni mnyama wa Amun, mungu wa Wamisri, si jike la Oedipus. Thebes ya Oedipus iko Boeotia, Ugiriki. Mji wa Misri wenyewe waliuita Waset, na Wagiriki ndio walioubandika jina la Thebes. Yule binti alikuwa amesoma vitabu vyote isipokuwa picha aliyoiweka mwenyewe. Iliniuma sana, na juzi nimeiona slaidi ileile kwenye rasimu ya mmoja wenu.

3. Pua: mwacheni Napoleon, anayesingiziwa kuivunja. Msafiri wa Kidenmark, Norden, alimchora sfinksi wa Giza mwaka 1737, pua haipo. Napoleon alizaliwa 1769. Al-Maqrizi, mwandishi wa karne ya 15, anasema aliivunja Muhammad Sa'im al-Dahr mwaka 1378, akiwakasirikia wakulima waliompelekea sanamu sadaka. Andikeni "al-Maqrizi anasema".

4. Msimnukuu Sophocles, mwandishi wa tamthilia wa Kigiriki, kwa kitendawili. Tamthilia yake kuhusu Oedipus inakigusia tu, maneno yenyewe yako kwa waandishi wengine. Sisi tuliokua na "Kitendawili! Tega!" tunajua kwamba aliyeshindwa hutoa mji. Kule kwa Wagiriki alitoa roho, na hilo ndilo linalostahili aya nzima kwenye kazi zenu.

5. Sanaa ya baadaye: chagueni mchoro mmoja. Wa Ingres (1808) au wa Moreau (1864), wachoraji wa Kifaransa, si yote miwili. Kwa Moreau, tazameni makucha yalivyong'ang'ania kifua cha Oedipus.

6. Ambaye hana mada bado, achukue sfinksi wa Taharqo, mfalme wa Kushi, dola ya kale ya Sudan, aliyetawala pia Misri katika karne ya 7 KK. Alipatikana Kawa, Sudan, na sasa yuko British Museum. Ni mdogo, hafiki mita moja kwa urefu. Uso ni wa mtu, masikio na manyoya ya shingoni ni ya simba, na kwenye paji la uso wamekaa nyoka wawili, alama ya wafalme wa Kushi. Jina lake limechongwa kifuani. Anzeni na wale nyoka, na mniletee rasimu kabla ya kupeleka kwa jopo.