Mwalimu, bajeti yako inavurugika kwa sababu haina rekodi nyuma yake

Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Umeeleza kwamba baada ya makato unabaki na kama 38,000 mkononi, mume ni fundi wa umeme ambaye pesa zake huja kwa kazi na si kwa mwezi, kijana yuko bweni, mdogo anasoma hapo karibu, na nyumbani mna ekari moja ya mahindi. Kila tarehe 1 unaandika bajeti, ikifika tarehe 15 imeshavurugika, na sasa unauliza ni programu gani ya simu itakusaidia kuifuata. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, na mtaani kwetu Mamboleo ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, kwa hiyo hesabu za duka na za nyumba zote hupita mikononi mwangu. Nitakujibu kwa urefu kidogo, univumilie.

Programu haitakusaidia bado. Umeandika bajeti kabla ya kujua pesa zako zinakwenda wapi, na bajeti ya namna hiyo ni orodha ya jinsi unavyotamani mwezi uwe. Dukani kwetu hakuna anayeruhusiwa kupanga manunuzi ya mwezi ujao kabla ya kufunga vitabu vya mwezi uliopita. Nyumbani ni vivyo hivyo.

Kwa bahati nzuri rekodi yako nyingi ipo tayari, imeandikwa na simu. Piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, omba taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu. Itakuja kwenye barua pepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungua utaipata kwa ujumbe mfupi. Ukurasa wa kwanza una muhtasari: zilizoingia, ulizotuma, ulizotoa kwa wakala, ulizolipia bili, ulizolipa madukani. Usiishie hapo. Shuka kwenye mistari yenyewe ukiwa na kalamu ya rangi, kwa sababu kule chini ndiko kwenye habari.

Anza na ada. Kila ukituma au kutoa, ada inakaa kwenye mstari wake peke yake, na ndiyo maana jicho huiruka. Kwa ada za sasa, kutoa 500 kwa wakala ni shilingi 29, na kutoa 2,500 ni shilingi 29 hizo hizo. Mtu anayetoa 500 mara tano kwa wiki amelipa 145 kwa kitu ambacho kingemgharimu 29. Kulipa dukani kwa namba ya till, yaani namba ya M-Pesa ya duka, hakumkati mteja chochote, kwa hiyo pale unaponunua unga na sukari, lipa moja kwa moja badala ya kutoa kwanza.

Kisha tafuta marejesho ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojazia salio lisipotosha, yale yanayoanza na herufi OD. Zungushia kila moja. Fuliza ina ada ya asilimia 1 unapoichukua na ada nyingine ya kila siku hadi umalize, na ubaya wake kwenye hesabu ni kwamba pesa ikiingia tu inakatwa kabla hujaiona. Watu wengi hunijia wakisema mshahara umeibwa. Tukifungua taarifa, tunakuta shilingi mia kadhaa hapa, elfu moja pale, zote zimerudi kulipa juzi na jana.

Hapa pana jambo ambalo naomba ulisome polepole, maana ndilo linaloharibu hesabu za nyumba nyingi kuliko lingine lolote. Mkopo ukiingia kwenye simu, taarifa inauonyesha kama pesa iliyoingia, na mtu anaujumlisha pamoja na mshahara. Mkopo si mapato. Ukikopa 10,000, umepata 10,000 na deni la 10,000 saa ile ile, hujaongezeka hata shilingi. Vivyo hivyo ukilipa mkopo, ile sehemu ya deni lenyewe si matumizi, ni deni linapungua. Matumizi ni riba na ada tu. Na ukihamisha pesa kutoka M-Pesa kwenda M-Shwari, akaunti ya akiba na mikopo ya kwenye simu, hujatumia kitu, umebadilisha mfuko. Toa hayo yote pembeni kwanza, ndipo ujumlishe. Wanachama wetu wakifanya hivyo, karibu kila mmoja hugundua mapato yake ni madogo kuliko alivyodhani, na inauma, lakini ni afadhali kuumia ukiwa unajua.

Kinachobaki ni pesa taslimu. Taarifa itakuambia umetoa 2,000 Jumamosi, haitakuambia zimeenda wapi. Kwa hizo tu, nunua daftari dogo uandike jioni: boda, mboga, omena, sadaka, mafuta ya taa. Makundi yasiwe mengi. Nimeona watu wakichora safu ishirini, nyanya peke yake na vitunguu peke yake, na daftari likaachwa kabla wiki haijaisha. Chakula ni chakula. Ila weka matanga na michango kwenye safu yake. Huku kwetu mtu hawezi kukaa mwezi mzima bila msiba au harambee, na bajeti isiyo na safu hiyo inadanganya kuanzia siku ya kwanza. Sikushauri uache kuchanga. Waliokuzika baba yako wanahitaji kukuona pia. Tenga kiasi kinachojulikana, na kikiisha, toa mikono yako: kapike, kateke maji, kalale na wafiwa.

Ukishaona miezi mitatu, sasa andika bajeti, na usiiandike kwa mwezi. Iandike kwa mwaka kisha ugawe. Shida kubwa ya mwenye mshahara huku magharibi ni kwamba gharama nzito hazifuati tarehe ya mshahara. Tuchukue kwamba shule ya kijana inatoza 40,535 kwa mwaka. Kwa mgawo wa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, Januari pekee inataka karibu 20,300, muhula wa pili 12,200 hivi, wa tatu 8,100. Machi mvua inaanza na shamba linadai: mbolea ya ruzuku ni 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, mbegu kilo 10 za ekari, kulimiwa, palizi. Sema 15,000 kwa yote. Nauli, sare na vitu vya kubeba shuleni, sema 15,000 nyingine kwa mwaka. Jumla ni 70,535. Gawa kwa 12, unapata karibu 5,900.

Hiyo 5,900 ni gharama ya kila mwezi, sawasawa na kodi ya nyumba, hata mwezi ambao shule imefungwa na shamba limelala. Kwenye bajeti uliyotutumia haimo, nimeangalia. Umeandika karo Januari, Mei na Agosti tu. Ndiyo maana Februari unalipa madeni ya Januari, Machi unakopa mbolea, na Aprili unashangaa. Ifungie mahali ambapo kidole hakifiki kirahisi, akiba ya likizo ya sacco (ushirika wa akiba na mikopo) au akiba ya kufunga kwenye simu.

Utaniuliza itoke wapi, kwa 38,000. Kwa maoni yangu itoke kwa mume wako. Panga mwezi wa nyumba kwa mshahara wako peke yake, yaani chakula, kodi, stima, nauli. Pesa za mume, kwa sababu huja kwa kazi, ziende kwenye karo na shamba kwanza, madeni pili. Akipata kazi ya 12,000 leo na akose wiki tatu, nyumba haitikisiki. Mkae naye chini, daftari liwe moja na wote muandike. Kwenye chama nimeona nyumba ambapo kila mmoja anaficha Fuliza yake, na wanalipa ada mara mbili kwa upungufu mmoja.

Payslipu isome pia, si namba ya chini tu. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, juu yake PAYE, yaani kodi ya mapato, na mikopo yako. Sheria ya ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara. Ukikaribia mpaka huo, usikubali mkopo mwingine hata ukibembelezwa. Fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka, ihifadhi, utaihitaji kuwasilisha ritani ya kodi kabla ya Juni 30.

Sasa mizania, ambayo hukuiuliza na ndiyo ninayoipenda zaidi. Bajeti inakuambia mwezi. Mizania inakuambia kama mnasonga. Ni ukurasa mmoja tu: kushoto ulicho nacho, kulia unachodaiwa, chini tofauti. Ifanye kila muhula unapofungwa, tarehe hizo huwezi kuzisahau.

Mwanachama wetu mmoja, kwa ruhusa yake, alikuwa hivi mwezi wa nne: akiba ya sacco 96,000, chama 18,000, ng'ombe 45,000, kwenye M-Shwari 2,300. Jumla 161,300. Madeni: sacco 110,000, karo 6,500, dukani 3,800, mikopo ya simu 7,000. Jumla 127,300. Tofauti 34,000. Mwezi wa nane alikuja amekata tamaa, akasema wanafanya kazi yeye na mumewe na hakuna kitu, M-Shwari imebaki 800. Tukakaa kwenye ngazi za kanisa tukaandika upya. Sacco 104,000, chama 24,000, ng'ombe tumemwacha pale pale 45,000, M-Shwari 800: 173,800. Madeni: sacco 92,000, karo hakuna, dukani 1,200, simu 4,000: 97,200. Tofauti 76,600. Alikuwa amepanda 42,600 kwa muhula mmoja, na simu yake ilikuwa tupu kuliko mwanzo. Aliushika ule ukurasa akajumlisha tena mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, akaniomba aende nao kumwonyesha mumewe.

Mali iandike kwa bei ambayo ungeiuza wiki hii, si ile uliyonunulia. Nguo, vyombo na simu usiviandike. Akiba ya sacco iandike, lakini kumbuka huwezi kuichukua ukiwa bado mwanachama, hivyo si pesa ya dharura. Dharura inataka mfuko wake, hata uanze na 500. Faida ya akiba hiyo ni kwamba inakupa haki ya kukopa, kwa kawaida hadi mara tatu yake, na sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki. Elfu kumi ya sacco kwa mwezi ni riba ya 100. Elfu kumi ya M-Shwari kwa siku 30 ni ada ya asilimia 7.5, yaani 750, kabla ya ushuru. Ukiona mikopo ya simu kwenye upande wako wa kulia, hiyo ndiyo ya kumaliza kwanza, hata kama ndiyo midogo.

Kuhusu programu, ukishazoea daftari kwa muhula mmoja, tumia jedwali la kawaida la Excel au Google Sheets, ambalo unaweza kulifungua pamoja na mume. Zile programu zinazoomba kusoma ujumbe wako wote wa simu mimi sizitaki, hasa zinazotoa mikopo.

Taarifa ya M-Pesa usiibandike hapa, ina majina na namba za watu. Toa jumla tu: mapato bila mikopo, ada, Fuliza, pesa taslimu zilizotolewa. Ukiziweka kwenye uzi huu tutazipitia pamoja kabla shule hazijafunguliwa.