Kidato cha Tatu fizikia: usilipie tuisheni ya "kumaliza silabasi"

Hiyo pesa usiitume. Nimesoma swali lako mara mbili, mdogo wangu wa Kondele. Unaingia Kidato cha Tatu Januari, umechagua fizikia, na kuna mwalimu amekuahidi kwamba kwa wiki sita za likizo atakumalizia silabasi ya mwaka mzima. Ndugu yake huyo nilimlipa mimi. Si ndugu wa damu, wa biashara.

Mimi ni wa Nakuru. Mama aliuza magunia mawili ya viazi vya Molo, nikajiunga na tuisheni kwenye chumba nyuma ya kinu cha unga kule Shabab. Kinu kikinguruma mwalimu hasikiki, anaandika tu ubaoni nasi tunanakili. Tulipita mwendo, kanuni za Newton, umeme, mawimbi, joto, mpaka kanuni za gesi. Wiki sita! Shuleni hiyo ni kazi ya mihula mitatu na bado mwalimu hukimbizana na muda.

Alichotufundisha hasa ni pembetatu. V (volti) juu, I (mkondo wa umeme) na R (ukinzani) chini, funika kwa kidole unachokitafuta, kilichobaki ndicho jibu. Kasi ina pembetatu yake, densiti ina yake, kani ina yake. Tulimpigia makofi. Nikarudi shuleni na vidole vyangu kumi, profesa mzima. Na hasara yenyewe haikuwa kwenye viazi, ilikuwa hapa: kwa kuwa nilikuwa na noti za mwaka mzima, darasani nikawa nasinzia. Mada ikianza, najiambia hii nilishaimaliza.

Ukaja mtihani wa kwanza. Basi linakwenda kilomita 72 kwa saa, dereva anafunga breki, kasi inapungua kwa mita 4 kwa sekunde kila sekunde. Litasimama baada ya mita ngapi? Fomula ni v² = u² + 2as: v ni kasi ya mwisho, u ya mwanzo, a ni mchapuko, s ni umbali. Nikatafuta pembetatu yake. Haina! Nikaigiza mfano wa kwenye noti, nikaingiza 72 jinsi ilivyo, nikapata mita 648, nikapiga mistari miwili chini ya jibu. Hata lori linaloteremka Salgaa likiwa limetolewa gia lingeona haya. Ile 72 hubadilishwa kwanza kuwa mita 20 kwa sekunde, halafu ni 400 (20 mara 20) kugawanya kwa 8 (2 mara 4), mita 50 basi. Mwalimu aliisoma karatasi yangu mbele ya darasa, na mpaka tunamaliza shule nikaitwa Sita Arobaini na Nane. Kuna jamaa wawili bado wameniandika hivyo kwenye simu zao. Nimezoea. (Sijazoea.)

Yule wa kinu simsamehe, na si kwamba hakuijua fizikia. Aliijua vizuri. Wiki ya kwanza tu aliona hatuwezi kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa alama ya usawa kwenda wa pili, na badala ya kusimama hapo akatufundisha kufunika kwa vidole. Akisimama, silabasi haiishi, na tangazo lake lilisema itaisha. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, kwa hiyo hata pa kwenda kulia sikuwa napo.

Likizo usisome mbele. Rudi nyuma. Aliyenitoa shimoni Aprili ni dada yangu, fundi cherehani, aliyeiacha fizikia Kidato cha Pili ila hesabu alikuwa hatari. Alinipa maswali ishirini kila siku kutoka vitabu vya hesabu vya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Toa herufi hii ibaki peke yake. Badilisha kilomita kwa saa ziwe mita kwa sekunde. Badilisha sentimita za mraba ziwe mita za mraba (nilikuwa nagawanya kwa 100, ni 10,000, usicheke). Chora grafu, tafuta mteremko, useme mteremko huo ni wa kitu gani. Namba ikikaa bila kizio chake hata mstari mmoja, karatasi ilichanwa ikawa ya kupimia kola. Mada mpya hakunigusisha hata moja, na muhula wa pili nikaanza kumsikia mwalimu anasema nini. Grafu zile zile ndizo zilinibeba kwenye karatasi ya tatu ya fizikia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ile ya maabara yenye alama 40.

Kuhusu kikokotoo: chochote kisichotoa sauti wala kuwekewa programu, na kisiwe cha simu.

Chukua kalamu sasa hivi. E = I(R + r): E ni volti za betri, r ni ukinzani wa ndani yake. Toa r ibaki peke yake, bila pembetatu. Kisha weka E volti 1.5, I ampia 0.25, R omu 5. Ukipata kitu kingine kisichokuwa omu 1, tuma picha ya hatua zako hapa, na huyo mwalimu mwambie mama amekataa.